Maswali ya Wasomaji: Mota za Zamani kwenye Roboti ya NXT

SWALI: Bwana Mhariri, ninafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari ya Kadutu, hapa Bukavu. Ndugu yetu anayeishi Ubelgiji alituletea seti ya LEGO Mindstorms NXT, yaani vipande vya kujengea roboti pamoja na kompyuta yake ndogo, iliyokwisha kutumika. Tulikuta mota mbili badala ya tatu, lakini pia kulikuwa na sanduku la mota ndogo za kijivu za zamani, ambazo waya zake zinaishia kwenye kichwa cha mraba chenye vinundu vinne. Wanafunzi wamejenga kigari chenye mkanda wa kusafirishia mizigo, na mota ya kuzungusha mkanda huo ndiyo inayokosekana. Je, mota hizi zinaweza kuunganishwa na NXT bila kuiharibu? Tulijaribu waya wa simu, plagi ikakataa kuingia. (Mwalimu, Kadutu)

JIBU: Ndugu Mwalimu, zinaweza, na kwa kazi ya mkanda zinafaa kabisa. Mota hizo za kijivu zilitengenezwa kwa umeme wa volti 9, na ndizo zilizotumika pamoja na RCX, kompyuta ya kwanza ya Mindstorms iliyotoka mwaka 1998. NXT, iliyofuata mwaka 2006, nayo hutumia betri sita za AA, yaani volti 9 betri zikiwa mpya. Umeme basi ni ule ule. Kilichobadilika ni plagi, na pia namna ambavyo kompyuta hujua kwamba mota imefika inakotakiwa, jambo ambalo ndilo litakalowasumbua wanafunzi wako zaidi.

Tuanze na plagi. Ile ya NXT inafanana na ya simu yenye nyaya sita, lakini kilimi chake cha kufungia kimesogezwa pembeni, kwa hiyo plagi ya simu haiingii mpaka ichongwe. Kampuni yenyewe iliwahi kutengeneza waya wa kuunganishia, wenye plagi ya NXT upande mmoja na kichwa cha vinundu upande wa pili; ila kuuagiza kutoka Ulaya kwa ajili ya mkanda mmoja ni gharama isiyo na maana. Chukua waya mmoja wa NXT, ukate katikati, nawe utakuwa umepata viunganishi viwili. Ndani utaona nyaya sita: mweupe, mweusi, mwekundu, wa kijani, wa manjano na wa buluu. Mweupe na mweusi ndizo zinazopeleka umeme kwenye mota, na ndizo pekee utakazounganisha na nyaya mbili za mota ya zamani. Nne zilizobaki zifunge kwa utepe wa umeme, kila mmoja peke yake, kwa kuwa wa kijani hubeba umeme wa kulisha vifaa vya kupimia na mwekundu ni wa kurudishia. Hizo mbili zikigusana umesababisha shoti ndani ya kompyuta. Kulehemu kwa risasi ni bora kuliko kusokota, na fundi yeyote wa redio atakufanyia kazi hiyo kwa muda mfupi.

Kabla ya kulehemu, kunja taratibu waya wa mota ya zamani karibu na kichwa chake. Plastiki ya baadhi ya nyaya za miaka hiyo hukauka na kumomonyoka hadi shaba ikaonekana, na ukiona hivyo kata sehemu yote iliyoharibika. Kuhusu chanya na hasi usiwe na wasiwasi, maana ukizibadilisha, mota itazunguka tu kuelekea upande wa pili. Hata enzi za RCX watoto waligeuza mwelekeo kwa kung'oa kichwa cha waya na kukibandika tena kikiwa kimegeuzwa nusu mzunguko.

Sasa tuje kwenye programu. Mota ya NXT ina kipimo ndani yake kinachohesabu mzunguko digrii kwa digrii, 360 kwa kila mzunguko, na hesabu hiyo hurudi kwenye kompyuta kupitia waya wa manjano na wa buluu. Mota ya zamani haina kipimo hicho. Ukiiamuru izunguke mara mbili kisha isimame, kompyuta itaiwasha na kukaa ikingoja hesabu ambayo haitakuja kamwe, na mkanda utaendelea kukimbia mpaka mtu azime. Ukiiwekea programu kazi ya kudhibiti mwendo, matokeo ni mabaya zaidi: kompyuta huona sifuri, hudhani mota imekwama, huongeza nguvu, huona sifuri tena, mpaka inafika asilimia 100, hata kama mwanafunzi aliandika 30. Wengi wakiona hivyo husema mota imeharibika, kumbe ni programu tu.

Dawa yake ni kuacha kabisa amri za digrii na za mizunguko, kuzima udhibiti wa mwendo, na kutumia amri tatu za kawaida: washa kwa nguvu fulani, subiri sekunde kadhaa, zima. Katika programu ya picha iliyokuja na NXT kuna bloki ya mota iliyowekewa alama ya nyota, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya mota hizi za zamani.

Ila kupima kwa sekunde kuna udhaifu wake, na hapa Bukavu, ambako umeme hukatika na betri huchajiwa pale inapowezekana, utauona mapema. Betri sita za kuchajiwa hutoa volti 7.2 tu, na hushuka kadiri zinavyotumika, kwa hiyo sekunde mbili zilizofikisha mzigo mwisho wa mkanda asubuhi zinaweza kuuacha katikati saa nane mchana. Afadhali uweke kihisi cha kugusa mwishoni mwa mkanda, na programu iseme: zunguka mpaka kihisi kiguswe. Kama ndani ya sanduku mna kihisi cha mzunguko cha zamani, hicho nacho hufanya kazi kwenye soketi ya vihisi ya NXT kwa waya ule ule mweupe na mweusi. Huhesabu mara 16 kwa mzunguko mmoja, yaani kila baada ya digrii 22.5, na kikiunganishwa kwa gia ili kizunguke mara tatu mkanda ukizunguka mara moja, utapata hesabu 48, ambazo zinautosha mkanda wa darasani.

Jambo moja ningelikataza waziwazi: kuweka mota ya NXT gurudumu la kushoto na ya zamani gurudumu la kulia. Mota ya kijivu yenye gia ndani huzunguka zaidi ya mara 300 kwa dakika ikiwa haina mzigo, ilhali ya NXT huzunguka kama mara 170, na hakuna namna ya kompyuta kuzilinganisha kwa sababu ile ya zamani hairudishi hesabu. Kigari kitapinda siku zote. Mota mbili za NXT zibaki kwenye magurudumu, ya zamani izungushe mkanda.

SWALI: Nina mota niliyoitoa kwenye redio ya kaseti iliyokufa. Naweza kuitumia kwa namna hiyo hiyo? (Msomaji wa Nyawera)

JIBU: Soma kwanza maandishi ya ubavuni. Mota nyingi za kaseti zina sakiti ndogo ya kushikilia mwendo mmoja ndani ya kopo lake, na sakiti hiyo hutaka chanya na hasi zikae mahali pake. Ukiigeuza haizunguki kinyumenyume. Haizunguki kabisa, au huungua. Zaidi ya hayo, NXT hupunguza nguvu kwa kuwasha na kukata umeme haraka haraka, nayo sakiti hiyo hupambana na ukatikaji huo. Iendeshe kwa nguvu kamili, upande mmoja tu. Kwa mota yoyote usiyoijua, pima kwa multimita inakula mkondo kiasi gani ekseli ikiwa imeshikwa kwa kitambo kidogo sana. Mimi huikataa inayopita nusu ampea. Mota ya waipa ya gari usiithubutu kabisa bila rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) na betri yake yenyewe.

SWALI: Mota yangu ya LEGO ina waya bapa wenye nyuzi nne. Nichague zipi? (Mwanafunzi, Ibanda)

JIBU: Hiyo ni ya Power Functions, mfumo mwingine wa mota za LEGO. Unganisha nyuzi mbili za katikati na mweupe na mweusi wa NXT, na zile mbili za pembeni uzifunge kwa utepe. Ikiwa ni mota ya usukani, inayogeuka kwa pembe badala ya kuzunguka, za pembeni nazo zinahitaji umeme wa volti 9 usiokatika, na soketi moja ya mota ya NXT haiwezi kuupatia.