Kabla ya kuomba jengo la maktaba, omba ufunguo na kipindi

Walimu wenzangu wa Moshi, Hai, Rombo na hata wa Arusha huniuliza swali lilelile kila tukikutana kwenye semina: tufanyeje ili shule yetu iwe na maktaba inayofanya kazi? Wengi wao wameshaandika barua. Barua ilifika kwa mwalimu mkuu, ikapanda kwa Afisa Elimu Kata, ikaishia kwenye faili. Sababu naifahamu. Barua nyingi huomba jengo, na ukiomba jengo umeingia foleni moja na matundu ya vyoo, madawati na vyumba vya madarasa. Mwenyekiti wa kamati ya shule ambaye mwanawe anabanana na wenzake wanne kwenye dawati moja hawezi kukusikiliza ukimweleza habari za rafu. Ana haki.

Mimi naamini, na nimeliona likitokea kwenye shule ninayofundisha pembezoni mwa mji wa Moshi, kwamba maktaba hutetewa kwa kuanza kutumika. Watu wakishaona watoto wanasoma, habari ya jengo wanaileta wao wenyewe.

Kwa hiyo anza na kabati. Shule nyingi za msingi zina vitabu vingi kuliko walimu wanavyojua. Vipo vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), vipo vya ziada vilivyoachwa na wafadhili, na ukibahatika utakuta hadithi za zamani zilizosambazwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ule ulioanza 1991. Vyote vimefungiwa ofisini na ufunguo anao mwalimu mkuu. Usikimbilie kumlaumu. Vitabu vile vimeingizwa kwenye leja. Akija mkaguzi wa ndani wa halmashauri, au wakija wathibiti ubora wa shule, atakayeulizwa viko wapi ni yeye. Kitabu kilichofungiwa hakipotei, na kisipopotea hana kesi ya kujibu. Ukimwendea na hotuba kuhusu haki ya mtoto kusoma, hofu yake utaiacha palepale ilipokuwa. Mwendee na daftari.

Nililoandaa mimi ni kaunta buku la kawaida, nikalipigia mistari kwa rula: namba ya kitabu, jina la kitabu, jina la mwanafunzi na darasa lake, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, na safu ya mwisho ya hali ya kitabu. Hiyo safu ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Mtoto anapochukua kitabu tunakitazama pamoja, tunaandika "kizima" au "jalada limelegea" au "ukurasa umechanika", na akikirudisha tunatazama tena. Muhuri wa shule tuligonga ukurasa wa kwanza, kisha tukagonga tena ukurasa wa 11 wa kila kitabu, maana ukurasa wa kwanza huchanwa kirahisi. Nilimwomba mwalimu mkuu jambo dogo: tuanze na darasa la tatu, vitabu vya hadithi peke yake, visitoke nje ya geti, na mwisho wa muhula tuvihesabu mbele ya mwalimu wa taaluma. Tulipovihesabu na vikalingana na daftari, ufunguo wa pili alinikabidhi mwenyewe, sikuuomba.

Jambo la pili ni ratiba. Maktaba isiyo na kipindi kwenye ratiba hufa mara tu mitihani ya majaribio inapoanza, kwa sababu kila mtu huona muda ule ni wa kuchukuliwa. Zungumza na mwalimu wa taaluma kabla ratiba ya Januari haijabandikwa ukutani. Omba kipindi kimoja kwa wiki kwa kila mkondo, kitoke ndani ya vipindi vya Kiswahili au Kiingereza, ili asilazimike kumnyang'anya mwalimu mwingine. Na mweleze kwa lugha inayomgusa. Mwalimu wa taaluma anawaza upimaji wa darasa la pili na la nne, anawaza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mpelekee majina ya watoto waliokuwa wanaunganisha silabi kwa shida mwanzoni mwa mwaka, pamoja na aya wanayoweza kuisoma sasa. Kwa walimu wa darasa la sita na la saba, hoja yenye uzito ni Kiingereza. Mtoto anatoka shule ya msingi aliyofundishwa kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta Biolojia, Kemia na Jiografia zote ziko kwa Kiingereza. Hadithi nyepesi za Kiingereza alizozisoma akiwa darasa la sita zinamsaidia sana pale. Mzazi yeyote aliyewahi kuona mwanawe akihangaika kidato cha kwanza atakuelewa haraka.

Wazazi nao wana hofu yao. Kwetu watoto wengi wanalelewa na bibi zao, wazazi wako Dar es Salaam au Arusha wakitafuta. Kwenye kikao kimoja nilipomaliza kueleza habari za kuazima vitabu, bibi mmoja alisimama.

"Mwalimu, mjukuu wangu akikipoteza hicho kitabu mtaniletea deni? Serikali imesema elimu ni bure."

"Hatuleti deni, bibi. Kikichanika tutakishona hapahapa shuleni, na watoto wenyewe tutawafundisha kushona."

"Na kikipotea?"

"Kikipotea tutakaa na wewe tukitafute. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya kitabu."

Mwenyekiti alilirudia jibu hilo mbele ya kikao, likaandikwa. Halafu nikamwita msichana wa darasa la tatu asome ukurasa mmoja kwa sauti. Alisoma bila kukwama, hata pale palipokuwa na maneno marefu. Bibi yule hakukaa. Akasema, "Basi Ijumaa mwache mjukuu wangu aje na kitabu nyumbani, anisomee." Hivyo ndivyo vitabu vilivyoanza kutoka nje ya geti, kwa ombi la mzazi, na hakuna ofisi iliyoweza kulipinga ombi hilo.

Hapa niseme wazi kuhusu fedha. Tangu elimumsingi bila malipo ianze 2016, michango ina utaratibu wake na vibali vyake. Mwalimu usikusanye hata shilingi mia kutoka kwa mwanafunzi kwa jina la maktaba. Mambo yote yapitie kamati ya shule, na ukiweza omba vitu badala ya fedha taslimu: mbao, mikeka, rangi, siku moja ya kazi ya fundi seremala. Kila kinachoingia kiandikwe kwenye leja siku hiyohiyo.

Na kwa mkoa wetu wa Kilimanjaro kuna wakati mmoja wa kuomba unaozidi mingine yote, nao ni Desemba. Watu wanapanda kutoka Dar kuja Krismasi, migombani kunajaa magari, na kila mmoja anataka kujua shule aliyosoma inaendeleaje. Tatizo ni kwamba shule zimefungwa. Omba ruhusa ya kufungua chumba cha vitabu asubuhi kadhaa za wiki ile, peleka tangazo lisomwe kanisani na msikitini, kisha waache watoto wa likizo waje kusoma. Mtu aliyetoka mjini akiambiwa "changia elimu" atasema atafikiria. Akisimama mbele ya vitabu vilivyopangwa sakafuni, na wewe una karatasi yenye vipimo vya rafu na bei ya fundi, anauliza namba ya fundi. Fedha za kahawa zilisomesha wazee wengi wa huku, kwa hiyo fikra ya kujenga shule kwa nguvu za pamoja haihitaji kufundishwa upya.

Wenzetu wa Arusha wana mlango mwingine, wa wageni na kampuni za utalii. Wanakuja na moyo mzuri, na mara nyingi wanakuja na maboksi ya vitabu vizito vya Kiingereza ambavyo hakuna mtoto wa darasa la nne atakayevimaliza. Wape orodha mapema, yenye hadithi za Kiswahili zinazopatikana kwenye maduka ya vitabu ya hapa nchini. Shukuru, lakini orodha usiiache nyumbani.

Ukiwa na daftari lililojaa, sasa nenda kwa diwani. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mapendekezo ya halmashauri hukusanywa miezi mingi kabla, hivyo ukisubiri Juni umechelewa. Upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge. Pale ndipo ombi la chumba lina maana, kwa kuwa unaomba chumba cha kitu ambacho tayari kipo. Pitia pia maktaba ya mkoa, Moshi au Arusha. Bodi ya Huduma za Maktaba ina wajibu wa kuzishauri maktaba za shule, na wakutubi wake watakuonyesha namna ya kupanga vitabu. Kwa shule ya msingi, karatasi za rangi kwenye mgongo wa kitabu zinatosha kuanzia.

La mwisho ni uhamisho. Maktaba nyingi nilizoziona zikifungwa zilifungwa mwezi uleule mwalimu wake alipohamishwa. Tafuta mwalimu wa pili tangu mwanzo, na wanafunzi wanne au watano wa darasa la tano na la sita wanaojua kulijaza daftari. Kipindi cha maktaba kiingizwe kwenye muhtasari wa kamati ya shule. Na mwalimu mkuu anapobadilika, hati ya makabidhiano iitaje maktaba kwa jina, idadi ya vitabu vyake, na nani anashika ufunguo.