Ukisalimiwa "Bonjour-Hi" Montreal, ujibu kwa lugha gani?

Mdogo wangu, pole na safari, karibu Montreal. Umeuliza kwa nini wauza duka wanakusalimu kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza, na kwa nini ukijibu kwa Kiingereza unahisi kama umewakosea.

Hujamkosea mtu. Neno utakaloanza nalo ndilo linalochagua lugha ya mazungumzo. Ila nakusihi, anza na "bonjour" hata kama ndicho Kifaransa chako chote. Mwaka wangu wa kwanza niliagiza mkate kwa Kiingereza, nikahudumiwa kimyakimya. Wiki iliyofuata nikasema "bonjour, une baguette, s'il vous plaît" kwa lafudhi yangu ya Tanga. Yule mama akatabasamu, akanirekebishia "une" taratibu, akanirudishia chenji, kisha mwenyewe akahamia Kiingereza!

Waelewe wenyeji wa Kifaransa. Kifaransa ndiyo lugha rasmi pekee ya Quebec, jimbo la Kanada lenye Montreal, na Sheria 101 ya mwaka 1977, inayolinda Kifaransa, ilipitishwa kwa sababu waliona lugha yao inamezwa na Kiingereza kilichowazunguka. Kwangu hofu hiyo ni ya haki kabisa.

Jiandikishe mapema Francisation Québec, huduma ya serikali ya jimbo ya kufundisha Kifaransa. Kwa wahamiaji wengi masomo ni bure. Duka dogo la mtaani liite "dépanneur", hata wenye Kiingereza chao huliita hivyo. Na ukisikia Wakongo au Warundi wakiongea Kiswahili kwenye metro, wasalimie. Kifaransa changu cha mjini nilifundishwa nao.