Mbao ya meza ya kupaka rangi: usinunue urembo utakaoufunika

Doa la kwanza lilijitokeza mwezi wa pili: duara la manjano, ukubwa wa sarafu, katikati ya rangi nyeupe niliyokuwa nimeipaka mikono mitatu. Nikapaka tena. Wiki chache baadaye likarudi, safari hii na wenzake wawili. Chini ya kila doa kulikuwa na jicho la ubao wa paini, linavuja utomvu taratibu kana kwamba mti bado uko hai.

Hiyo ndiyo meza yangu ya kwanza ya kujengea ukutani. Ya pili ingali imesimama, na ndiyo iliyonifundisha kuchagua.

Kwanza, sahau mninga na mvule. Bei yake ni ya rangi na mistari ya mbao, na wewe unataka kuifunika. Ni kumvisha bibi harusi gunia. Ukipaka rangi unachohitaji ni ubao ulionyooka, laini, usiotanuka na kusinyaa hovyo. Mbao iliyopasuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mti, ya aina yoyote, hutanuka upande wa upana hewa ikiwa na unyevu, na pale ulipounga mbao mbili rangi inapasuka mstari mrefu. Kwa hiyo kwa uso wa meza, nenda kwenye bodi, yaani mbao zilizotengenezwa kiwandani.

Wengi hukimbilia MDF, bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na siwalaumu. Haina macho wala mistari, rangi inakaa kama kwenye kioo. Lakini niliiwekea glasi ya maji usiku mmoja, maji yakachuruzika hadi ukingoni, asubuhi ukingo umeumuka kama andazi. Haurudi tena, utaupiga msasa mpaka uchoke. Halafu inabonyea. Bodi ya milimita 18 siiachi ipite sentimita 60 bila kitu cha kuishikilia. Skrubu ukiipiga ubavuni bila kutoboa tundu kwanza, inapasuka. Na bodi nzima inakaribia kilo 40, usiibebe peke yako. Ukiikata, kata nje na uvae barakoa. Vumbi lake ni jembamba mno, tena lina gundi.

Plaiwudi ya milimita 18 ndiyo niliyoiweka juu. Safu zake zimepishana, kwa hiyo hainepi upesi na inashika skrubu. Kabla ya kulipa, itazame ubavuni: ukiona matundu kati ya safu, iache. Ilaze sakafuni, bonyeza kona moja, ikichezacheza imepinda. Uso wake una mikwaruzo, kwa hiyo utapaka puti, msasa namba 120, praima (rangi ya msingi), kisha msasa namba 220. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayofanya bodi ya bei nafuu ionekane ya maana.

MDF sikuitupa. Niliitumia kwenye nyuso za droo, mahali pasipobeba uzito wala maji. Kingo zake zinafyonza rangi kama sifongo, hivyo nilizipaka kwanza gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo, nikaziacha zikauke, nikazisugua.

Na paini? Imejificha chini. Vipande vilivyofungwa ukutani kubeba meza pande tatu ni paini yenye macho tele, na hakuna anayeyaona. Kipande kimoja safi, kisicho na jicho, nimekigandisha ukingo wa mbele, kimesimama wima sentimita 5: kinaficha safu za plaiwudi na kuizuia isibonyee. Ukilazimika kupaka paini yenye macho, yazibe kwanza kwa praima ya shelaki; praima ya maji haiyawezi.

Rangi ya mafuta ukiigusa kesho yake utadhani imekauka. Ipe wiki mbili, tatu. Mimi niliweka kompyuta siku ya tatu, na miguu yake minne ya mpira imeacha alama mpaka leo.