Kwa binti anayetaka kucheza vitara kimataifa: usidharau makundi

Mdogo wangu, ukiniuliza ufanye nini ili ufike mbali kwenye mchezo wa vitara (fencing), utategemea nikueleze mazoezi ya miguu au siri ya mkono mwepesi. Hayo kocha wako anayajua kuliko mimi. Mimi nitaanza na makundi, yale ya asubuhi, ambayo hakuna anayeyatazama.

Nimecheza epee, mojawapo ya aina tatu za vitara pamoja na foili na saberi, miaka mingi. Zipo safari nilizopanda ndege mbili, nikapigwa asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana nikawa hotelini nimemaliza kazi. Kwa hiyo ninachokuandikia hapa nimekilipia.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Unapangwa kwenye kundi, mara nyingi la watu sita au saba, na mnacheza kila mtu na mwenzake: hadi mmoja afikishe pointi 5, kila mguso pointi moja, au dakika 3 ziishe. Baada ya hapo ndipo unakuja mtoano wa pointi 15, vipindi vitatu vya dakika 3, na dakika moja ya kupumua katikati. Televisheni huonyesha mtoano. Lakini nani atakutana na nani huko, hilo limeshaamuliwa asubuhi. Wote mnapangwa kwenye orodha moja kwa uwiano wa ushindi. Mliolingana mnatenganishwa na pointi mlizofunga ukitoa mlizofungwa, kama tofauti ya magoli kwenye ligi. Kisha wa juu kabisa anapewa wa chini kabisa.

Mwaka wangu wa pili kwenye mashindano ya wakubwa nilikuwa nimeshinda michezo mitatu. Wa mwisho nikawa nyuma 4–1. Nikajiambia, huu umeshaenda, acha nitunze nguvu za mtoano. Nikanyoosha mkono bila nia, 5–1, nikavua barakoa na kwenda kunywa maji. Orodha ilipotoka, tuliolingana kwa ushindi tulikuwa rundo zima, na kilichotutenganisha ni hizo pointi. Mchezo wangu wa kwanza wa mtoano nikampata mmoja wa vigogo. Alinifunga 15–6, na nadhani hata jasho halikumtoka. Kocha hakunigombeza. Aliandika namba mbili kwenye kipande cha karatasi: nafasi niliyoipata, na nafasi ambayo ningeipata kwa 5–3. Karatasi ile nilitembea nayo kwenye begi la vitara misimu miwili.

Kwenye epee kosa langu lilikuwa la kijinga zaidi. Mkigusana karibu kwa pamoja, ndani ya takriban milisekunde 40, taa zote mbili za mashine inayoonyesha miguso zinawaka na kila mmoja anapata pointi yake. Ukiwa nyuma 4–1, kugusana kwa pamoja kunafanya 5–2. Umeshindwa, ndiyo, lakini umepoteza pointi moja pungufu. Kwa hiyo hata mchezo uliokufa una kitu cha kuokota.

Kuna njia moja tu ya kuyakwepa makundi: uwe miongoni mwa 16 bora wa dunia. Kwenye Kombe la Dunia hao wanasubiri moja kwa moja kwenye mtoano wa watu 64. Ninyi wengine mtaamka mapema.

Na pointi moja ni pointi moja hata huko juu. Alexandra Ndolo alishinda medali ya fedha ya dunia ya epee akiwa na Ujerumani mwaka 2022 mjini Cairo, kisha akaamua kuichezea Kenya, nchi ya baba yake. Paris 2024 akawa Mkenya wa kwanza kucheza vitara kwenye Olimpiki. Akatoka mchezo wa kwanza, 13–12.

Vifaa sasa. Kabla ya mchezo mwamuzi anaweka uzito wa gramu 750 kwenye ncha ya epee yako. Springi iliyo ndani ya ncha isipouinua, unapewa kadi ya njano hata hamjaanza. Sheria inataka ufike ulingoni na vitara viwili na nyaya mbili za kukuunganisha na mashine ya taa. Mimi naenda na vinne, kwa sababu vitara vina tabia ya kufa siku moja. Jifunze kufungua ncha mwenyewe kwa bisibisi ndogo, usimtegemee fundi wa mashindano mwenye foleni ya watu ishirini. Na barakoa usinunue kuukuu kwa sababu ya bei. Mwaka 1982, kwenye mashindano ya dunia mjini Rome, kitara cha mpinzani kilivunjika na kupenya barakoa ya Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki, akafariki. Viwango vikali vya mavazi tunavyovilalamikia leo vilikazwa baada ya hapo.

Kuna jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu. Mavazi ni meupe, na hedhi haiangalii ratiba ya mashindano. Vaa kaptura nyeusi ya kubana ndani, weka suruali ya akiba, na mwambie kocha wako, hata kama ni mwanamume, siku ambazo mwili hauko sawa. Nilificha kwa miaka minne na kocha akadhani mimi ni mvivu.

Wanawake tulichelewa kufunguliwa mlango: foili iliingia Olimpiki mwaka 1924, epee 1996, saberi 2004. Labda ndiyo maana habari za miili yetu bado zinashangaza watu. Valentina Vezzali wa Italia alijifungua mwaka 2005 na miezi michache baadaye akawa bingwa wa dunia wa foili. Nada Hafez wa Misri alishinda mchezo wake wa kwanza Paris akiwa na ujauzito wa miezi saba. Nawavulia kofia wote wawili, ila usiwafanye kipimo. Mimi baada ya kujifungua nilihitaji mwaka mzima hadi goti likubali kushuka.

Mwisho, sheria. Mchezo ukiisha sare, inapigwa kura ya kipaumbele na kuongezwa dakika moja: anayegusa kwanza anashinda, na kama hakuna, ameshinda mwenye kipaumbele. London 2012 Shin A-lam wa Korea Kusini alikuwa nacho, imebaki sekunde moja, na saa ikawa kama imegoma. Walianza upya zaidi ya mara moja, hadi mpinzani wake, Britta Heidemann wa Ujerumani, akagusa. Shin alibaki ulingoni karibu saa nzima akilia, maana kuondoka kungekuwa kukubali matokeo. Rufaa ilikataliwa, lakini alikuwa anajua haki yake inaishia wapi na inaanzia wapi, na siku chache baadaye akarudi na timu kuchukua medali ya fedha. Wenzangu wengi wangeshuka ulingoni kwa aibu dakika ile ile. Kitabu cha sheria kisome kwenye ndege, kabla hujafungua filamu.