Kubandua tinti iliyozeeka

Kaka, tinti ya vioo vya gari iliyotoa mapovu na kugeuka zambarau usiivamie na wembe ikiwa baridi, itakatikakatika kama maganda ya kitunguu. Hapa Mtwara jua ndiyo fundi: egesha juani saa saba mchana, vioo umefunga, acha kama saa nzima. Siku ya mawingu azima draya saluni. Inua kona kwa ukucha, vuta polepole. Gundi inayobaki ilowanishe kwa maji ya sabuni, ndipo ukwangue.

Kioo cha nyuma ndiyo mtihani. Ile mistari myembamba ya kuondoa ukungu, wembe ukiigusa imekwisha. Tumia kadi ya benki iliyoisha muda, ukifuata mistari, usiikate. Mimi nilikata miwili, sasa masika natembea na kitambaa.