Sukari imetoka wapi na sijala?

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Mimi ni konda wa daladala, nakaa Gongo la Mboto. Natoka alfajiri na chai ya rangi tupu. Ikifika saa tano mikono inatetemeka hadi chenji zinaniponyoka, jasho baridi linanitoka. Nikivumilia, hali inatulia yenyewe. Juzi ilipotulia nikapima sukari duka la dawa: 4.8 (milimoli kwa lita). Sukari hiyo imetoka wapi na sijala?

JIBU: Marahaba mwanangu. Imetoka kwenye ini lako. Ugali wa jana usiku haukuisha wote. Ini liliweka akiba, na kwa mtu mzima aliyeshiba hufika kama gramu 100. Misuli nayo ina akiba, tena kubwa kuliko ya ini, ila ni michoyo: hairudishi kitu kwenye damu.

Sukari ikianza kushuka, kongosho hupunguza insulini, homoni inayoshusha sukari, kimyakimya. Ikishuka hadi kama 3.8, kongosho hilohilo hutoa glukagoni, homoni inayoliamuru ini, nalo likafungua ghala. Tezi zilizo juu ya figo nazo humwaga adrenalini, ileile inayokudundisha moyo trafiki akisimamisha gari mmejaza. Hiyo ndiyo iliyokuangushia chenji. Hata hivyo hukupima ukiwa unatetemeka, na chai ya rangi kwenye tumbo tupu nayo hudundisha moyo, kwa hiyo siapi kwamba ilikuwa sukari.

Marehemu mume wangu alichoma insulini miaka mingi, na insulini ya sindano ikishaingia haina breki. Mwanzoni sukari ikishuka alitetemeka kama wewe, tukampa soda. Ikamshukia mara nyingi mpaka mwili ukazoea, mtetemo ukaacha kuja. Jioni moja nikamkuta barazani anafunga vifungo vya shati kwenye matundu siyo, ananiita kwa jina la dada yake. Jasho hata tone. Kipimo kikasoma 2.3. Alikuwa bado anaweza kumeza, nikamkorogea vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, nikangoja robo saa, nikapima tena.

Basi kama unatumia dawa za kisukari, hasa glibenklamaidi, usivumilie hata dakika moja: kunywa kitu cha sukari, kisha umwone daktari wako. Kama hutumii, kula chapati na maharage kabla ya tripu ya kwanza. Ukitetemeka tena, pima palepale kabla hujala, uniandikie namba.