Ipomea imefika kwenye paa, ua hakuna

SWALI: Mtaalamu, nilipanda mbegu 12 za ipomea ya bluu (ule mmea wa maua unaotambaa) kando ya ukuta, zikaota 3 tu. Hizo 3 zimefika kwenye paa, majani mapana ya kijani kibichi, lakini mwezi wa tatu huu sijaona ua. Kila baada ya wiki mbili naweka samadi na yurea kidogo. Nakosea wapi?

JIBU: Ni hiyo yurea. Asilimia 46 yake ni naitrojeni, na naitrojeni ni chakula cha majani. Ipomea ni ndugu wa kiazi kitamu; ukiishibisha, inarefuka tu, haina haraka ya kuchanua. Acha yurea na samadi kuanzia leo. Mwagilia udongo unapokauka juu, basi. Ukiona lazima uilishe, tafuta mbolea yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni.

Angalia na mwanga wa jua. Inataka saa 6 au zaidi kwa siku. Kama ukutani pana taa inayowaka usiku kucha, izime: ipomea nyingi hutunga maua usiku unaporefuka, na taa huuvuruga huo usiku. Tena usiitafute ipomea jioni! Ua lake hufunguka alfajiri na mara nyingi mchana limeshanywea.

Mbegu 9 zilizogoma huenda ni nzima. Ganda lake ni gumu, maji hayapenyi. Isugue kwa msasa upande mmoja mpaka uone doa jeupe (usiguse kile kijicho inapochipukia), kisha iloweke usiku kucha. Asubuhi iliyovimba ipande, kina cha sentimita 1 hadi 2. Isiyovimba isugue tena.

Shina lake halishiki ukuta, hujisokota. Lipe uzi au waya mwembamba. Kwenye nguzo nene huteleza. Ukilisaidia, fuata upande linakozunguka lenyewe, maana ukiligeuza litajifungua.

Ukitaka rangi nyingine, changanya na tunbergia, ile ya chungwa yenye jicho jeusi. Mimi huipenda kuliko ipomea, maana haifungi mchana.

Vifuko vya mbegu vikishakauka, vichume kabla havijapasuka, la sivyo msimu ujao utang'oa miche bustani nzima. Na ziweke mbali na watoto, mbegu hizo zina sumu.